Msimamizi Aliyeanza na Choo

Sote tulimwita Msimamizi, na tuliendelea kumwita hivyo hata alipobaki hana cha kusimamia isipokuwa ng'ombe mmoja na migomba yake kule juu, karibu na msitu wa Meru. Jina alikuwa nalo. Kanisani walilitumia, na kwenye mkataba wa jiji liliandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ungelitaja mtaani, watu wangekutazama kama mgeni aliyepotea, halafu mmoja angesema, "Ooh, unamtafuta Msimamizi."

Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ile. Sasa nipo Kisongo, na nimeifanya kazi hii muda mrefu kiasi kwamba mtu akitamka neno "shirikishi" mkutanoni, nasikia usingizi. Nimeona vikundi vingi vikizinduliwa kwa keki na fulana, kisha vikafa kimya kimya bila hata mtu wa kuvizika. Vijana wanaoanza kazi huniuliza kama niliwahi kuona jambo likifanikiwa. Humfikiria yeye, halafu najikuta nachelewa kujibu, kwa sababu hadi leo sijui kama yaliyompata yanaitwa kufanikiwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na juu ya gauni la kitenge alivaa sweta la kijivu la kiume, kiangazi na masika. Meno yake yalikuwa ya kahawia kama yetu wengi tuliokulia kwenye maji ya mlima huu. Alizungumza Kiswahili cha polepole, kilichonyooka, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Akikasirika alihamia Kimaasai, na hapo ulijua mazungumzo yamekwisha.

Ukumbi wenyewe ulijengwa na wazee kwa nguvu zao, kwa mawe meusi ya mlimani, zamani ambayo hakuna aliyekubaliana na mwenzake ilikuwa lini. Ulikuwa mali ya halmashauri. Nilipohamia kata ile, mbuzi walilala humo. Madirisha yalikuwa yameng'olewa na bati la juu ya jukwaa halikuwepo. Wakati wa uchaguzi ulifagiliwa, ukapigwa chokaa upande unaotazama barabara, kisha ukarudishiwa mbuzi. Nyuma kulikuwa na choo kisicho na mlango, na sitakieleza.

Yeye alikuwa amestaafu kutoka hoteli moja ya mjini, ile aina ya hoteli inayoishi kwa mikutano. Miaka mingi alikuwa mkuu wa usafi wa vyumba. "Nimewafulia mashuka watu waliokuja kujadili umaskini wetu," aliniambia mara moja. "Walijadili vizuri. Ila taulo walikuwa wanaziacha chini." Hakusema hivyo kwa uchungu. Kwake ilikuwa taarifa tu, kama kusema leo kuna ukungu.

Lilipokuja agizo kwamba majengo ya umma yaliyolala yanaweza kukabidhiwa kwa vikundi vya wananchi, viyaendeshe kama biashara lakini faida irudi kwa jamii, niliitisha mkutano pale pale ukumbini. Watu walisimama nje kwa sababu ya harufu. Mmoja alitaka jukwaa la kisasa. Mwingine alitaka vipaza sauti vikubwa. Kijana mmoja alizungumzia bwawa la kuogelea, na akapigiwa makofi. Yeye aliinua mkono akiwa nyuma kabisa.

"Choo kitakuwa wapi?" aliuliza.

Watu wakacheka. Mtendaji wa kata akasema hayo ni mambo madogo, yatafuata.

"Hayafuati," alisema. "Mtu akija harusini akajisaidia vizuri, atarudi kukodi. Akikutana na kile cha nyuma, hata bibi harusi apendeze vipi, atakachokumbuka ni choo."

Basi kikundi kikaundwa, yeye akawa msimamizi, na kwa muda mrefu kikundi kile hakikufanya kitu kingine chochote ila choo. Walichimba, wakajenga, wakaweka milango inayofunga, sehemu ya kunawia, na njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu. Mtaani waliwaita kikundi cha choo. Waliofika kuandika habari zetu walitaka kupiga picha ya ukumbi, naye aliwapeleka nyuma kwanza. Ukumbi ulipoanza kutengenezwa, tayari watu wa stendi ndogo ya pikipiki, wauza mboga na wapita njia walikuwa wanakitumia choo kwa ada ndogo, na ile ada ndiyo iliyonunua madirisha.

Alichokiamini hakikuwa na maelezo marefu. Wenye harusi walipe bei kamili, na wapewe ukumbi unaostahili bei hiyo. Kwa walicholipa, jengo lisimame, na wasio na harusi nao waingie. Jumatano walikuja watu waliopatwa na kiharusi na watoto wenye matatizo ya miguu, wakafanyishwa mazoezi na mtaalamu wa viungo aliyekuwa anajitolea. Mvua zikizidi, kliniki ya watoto wachanga ilihamia humo. Mtu akisema wale wa Jumatano wanaingia bure, alimsahihisha.

"Bure haipo hapa. Kuna aliyelipa na kuna aliyelipiwa."

Nililipenda neno hilo nikaliweka kwenye taarifa zangu zote. Kwa bahati mbaya wakubwa wangu nao walilipenda, na baada ya muda nililisikia kwenye hotuba, likisemwa na watu ambao hawakuwahi kufagia hata varanda yao.

Kuna mzee mmoja Singasinga, fundi wa siku nyingi mjini, ambaye aliguswa na habari za ukumbi akajitolea kutengeneza mlango mkubwa. Alikuja na mbao zake na bawaba zake, akafanya kazi siku nzima, akakataa hata soda. Jioni Msimamizi aliusukuma ule mlango, ukalia kidogo. Akausukuma tena.

"Mzee, unalia," alisema.

"Utazoea, mama. Mbao mpya."

"Nimeshukuru sana. Lakini kujitolea si sababu ya mlango kulia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee alimtazama, akautazama mlango, akavua tena koti lake. Aliurudia upya. Tangu siku hiyo, kila alipopita karibu na kata ile alisimamisha gari, akaja kuusukuma mlango wake, akaondoka. Nadhani alikuwa ameheshimiwa kwa namna ambayo alikuwa hajaheshimiwa muda mrefu.

Ukali huo diwani hakuuona kama heshima. Alimtuma msaidizi wake kutaka ukumbi kwa kikao na wazee, bila malipo, kwa kuwa jengo ni la serikali na diwani ni serikali. Msimamizi akajibu kwamba diwani ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ndiye anayelipa mapema ili wengine waige. Diwani akakasirika, akakifanyia kikao chake uwanjani, hatua chache kutoka mlangoni. Mvua ikanyesha. Msimamizi akafungua mlango mkubwa, akawaingiza wote, akawapangia viti, akawapa wazee vitambaa vya kujifutia. Kikao kilipokwisha alisimama mlangoni, na diwani alipotoka akamshukuru kwa sauti mbele ya wazee kwa moyo wake wa kukubali kulipia. Diwani alilipa. Alitabasamu pia, na lile tabasamu mimi nililijua, nikajua kwamba siku moja litarudi na sura nyingine.

Ningeishia hapa ningekuwa nimewachorea mtakatifu, na hakuwa hivyo.

Aliwakataza watu kuvuta sigara hata kwenye ngazi, lakini yeye mwenyewe alikuwa na kikopo cha ugoro ndani ya sweta. Alikwenda nyuma ya stoo kunusa, akarudi macho yanamtoka machozi, akasema ni vumbi. Aliwalaani watu wa serikali kila siku ya Mungu, ila alipoitwa ofisi za jiji alivaa suti ya buluu aliyopewa hotelini siku ya kuagwa, akakaa kwenye benchi ameunyoosha mgongo kama mtoto wa kipaimara.

Na aliyekuwa hataki kusikia neno bure, siku moja alidanganya. Binti mmoja wa mtaa wa chini alifiwa na mume kwa ajali ya pikipiki. Ilikuwa katikati ya mvua, chumba alichopanga kilijaa kwa waombolezaji watano, na wakwe zake walikuwa wamemsusa. Msimamizi akamfuata mwenyewe. Alimwambia kuna harusi imeahirishwa, mwenyewe ameshalipia, ukumbi utakaa wazi tu na popo wataingia.

"Utakuwa umetusaidia," alimwambia.

Hakukuwa na harusi yoyote. Waliokuwa wameandikishwa siku zile ni kwaya ya usharika wake, ile aliyoiimbia sauti ya pili kwa miaka. Aliwaondoa bila kuwaeleza, na kiongozi wa kwaya akaja kwangu kulalamika. Nilipomuuliza, alisema kwaya inaweza kuimbia popote, hata zizini.

"Ungewaambia ukweli wangeelewa," nilisema.

"Wangeelewa, halafu wangemwambia yule binti kwamba wamemhurumia. Wangemwambia kila Jumapili."

Kwa watu wa mbali, basi, alikuwa na huruma nyingi. Kwa waliofanya kazi naye kila siku, haikubaki hata kidogo. Funguo za ukumbi alizivaa shingoni kwa kamba, ndani ya sweta, na hakuna mwingine aliyefungua. Alikuwa akipita nyuma ya mwanakikundi aliyemaliza kufagia na kumwuliza, "Hapa umefagia, au umesalimia vumbi?" Mara ya kwanza ilichekesha. Wanawake waliojenga kile choo kwa mikono yao waliisikia kwa miaka. Mmoja akaacha kuja, akasema mgongo. Mwingine akasema biashara. Hawakuwa waongo sana. Mgongo ulikuwa unauma kweli, ila si kwa ufagio.

Aliyebaki karibu naye kuliko wote ni katibu wa kikundi, fundi cherehani mpole aliyekuwa na umri wa kuwa binti yake. Yeye ndiye aliyeshona mapazia na vitambaa vya meza. Yeye ndiye aliyejua kuongea na akina mama wa harusi wakianza kulia kwa sababu keki imechelewa. Msimu mmoja wa baridi Msimamizi aliugua, homa kali, na watu wa harusi wakasubiri nje na chakula chao hadi alipoletwa kwa pikipiki, amejifunga blanketi, akafungua mlango. Wiki iliyofuata, katibu aliuliza kama wanaweza kuchonga funguo za pili. Nilikuwepo.

"Mama, je ukiugua tena?"

"Sitaugua."

Katibu akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Niliona jinsi alivyokuwa anakanyaga pedeli.

Nilijaribu kuzungumza naye mara nyingi kuhusu jambo hilo. Nilimwambia kikundi ni cha wote, kwamba kazi ikigawanywa hudumu. Nilikuwa nasema maneno niliyofundishwa, na yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yananichosha hata mimi.

"Hotelini nilisimamia wasichana wengi," alinijibu siku moja, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunaota jua. "Nilijua kila mmoja anaficha uchafu wapi. Chini ya zulia, nyuma ya pazia. Nilijua kwa sababu na mimi nilificha hapo hapo nilipoanza."

"Lakini hawa si waajiriwa wako, mama. Ni wenzako."

"Ndiyo ugumu wake, mwanangu. Mwajiriwa unamwachisha kazi. Mwenzako unamfanyaje?"

Alisubiri kweli nimjibu.

Ukumbi ulipokuwa gofu, jiji lilikuwa halijui uko wapi. Ulipopendeza, jiji likakumbuka kwamba ni wake. Afisa biashara mmoja kijana, mwenye adabu na viatu vizuri, alikuja kutuambia kuna mfanyabiashara yupo tayari kuukodi kwa bei ya juu sana kuliko kile ambacho kikundi kilikuwa kinapeleka halmashauri. Hakuwa mtu mbaya. Alisema fedha hiyo ingeweka madawati kwenye shule za kata yenyewe. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu wakati ule, barabarani nikirudi nyumbani, na sijafika mahali nikasema alikosea.

Tuliitwa ofisini. Msimamizi alivaa suti ya buluu. Afisa biashara alieleza kwa upole kwamba ukumbi wa umma ni wa wananchi wote, na si wa kikundi fulani.

"Ulipokuwa wa wote," alisema Msimamizi, "wote walikuwa wanakojoa ukutani."

Wengine mezani waliinamisha nyuso ili wasicheke. Hata afisa biashara alitabasamu. Kisha akauliza swali lililotushinda.

"Mama, samahani sana. Mungu apishe mbali, ukilala leo usiamke, kesho ukumbi unafunguliwa na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ungeweza kumwuliza hivyo hata mama yako. Mkono wa Msimamizi ulikwenda kifuani, pale kwenye funguo, na nilimwona akijikumbusha kuushusha.

Uamuzi ulikuja baada ya muda, na haukuwa mbaya kama tulivyoogopa. Mfanyabiashara hatapewa. Kikundi kitaongezewa mkataba, kwa masharti: kiwe na meneja aliyesomea uendeshaji, uongozi uchaguliwe upya na kubadilishana, na pawe na utaratibu wa wazi wa nani anaingia kwa malipo na nani bila malipo. Ni yale yale niliyokuwa naomba siku zote. Niliisoma barua ile mara kadhaa nikitafuta furaha. Diwani alikuwa ameongeza sharti lake dogo, kwamba viongozi wa zamani wasirudie nafasi walizozishika. Ndipo nilipoliona lile tabasamu la mlangoni limerudi.

Ila ukweli ni kwamba diwani hakuhitaji kuhangaika. Kikao cha kikundi kilifanyika ukumbini mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye miti ya uwanjani, na kila mtu amejikunyata kwenye khanga na makoti. Niliwasomea masharti. Nikasema kuna uwezekano wa kuliombea lile la mwisho lirekebishwe, kama wanakikundi wanataka. Katibu akasimama, ameshika ukingo wa meza.

"Mama," alisema, "tunakuomba upumzike."

"Nani amesema nimechoka?"

"Hakuna, mama. Sisi ndio tumechoka."

Alisema kwa sauti ya chini sana, na wa nyuma waliuliza amesemaje, ikabidi mwingine arudie. Nadhani kurudiwa kule ndiko kulikomuumiza Msimamizi. Mara ya pili lile neno halikuwa tena na upole wa katibu.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Msimamizi alimtazama kila mmoja aliyenyoosha, bila hasira, kwa makini, kama alivyokuwa akikagua sakafu. Kisha akanigeukia.

"Afisa, hii ni halali?"

"Ni halali, mama."

"Sawa."

Alianza kuzivua funguo. Kamba ikanasa kwenye kilemba chake. Katibu akasogea kumsaidia, machozi yanamtoka, akaambiwa, "Acha." Ilichukua muda. Tulikaa pale tukimwangalia mwanamke mzima anahangaika na kamba. Alipoziweka mezani, alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilisikia akifungua na kufunga milango ya choo mmoja baada ya mwingine, anakagua. Halafu maji ya kunawa. Halafu hatua zake kwenye kokoto, zikielekea juu.

Katibu akawa meneja. Alisoma kozi fupi mjini, akarudi na faili na utaratibu. Nitasema bila kusita kwamba ukumbi uliendeshwa vizuri zaidi kwa mambo mengi. Funguo zilikuwa kwa watu kadhaa. Wanakikundi wawili walioacha wakarudi. Mtu aliweza kuandikisha harusi kwa simu akiwa Tengeru sokoni. Mazoezi ya Jumatano yaliendelea, ingawa sasa ni asubuhi tu, kwa sababu mchana kuna mafunzo ya kulipia. Mwenye msiba asiye na uwezo anapata ukumbi akileta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ni haki, na kila mtu anaelewa. Mara nyingine nilimfikiria yule binti wa mtaa wa chini, nikajiuliza angeipata wapi ile barua katika mvua ile, mumewe akiwa bado hajatoka chumba cha maiti.

Jiji likaanza kuleta wageni kuja kujifunza. Mimi ndiye niliyewazungusha. Ukutani kuna bamba la uzinduzi lenye jina la diwani. Wageni waliuliza wazo lilianzia wapi, nami niliwapeleka nyuma nikawaonyesha choo. Wengi walidhani nawaelekeza tu kama wana haja.

Nilipanda kwake mara mbili tatu kabla ya kuhamishwa. Alinikaribisha loshoro, mahindi yake yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akaniuliza habari za watoto, akanionyesha ng'ombe. Ukumbi hakuutaja, na mimi nilipoanza kuutaja alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa masika haya. Katibu alikuwa anaozesha binti yake, na sherehe ilifanyika ukumbini. Nilikuja kutoka Kisongo. Niliambiwa katibu alipanda mwenyewe hadi kwa Msimamizi kumwalika, kwa miguu kwenye matope, na kwamba alipewa kigoda na maziwa na jibu la "tutaona."

Alikuja. Alichelewa, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, sweta lile lile juu ya kitenge kipya. Amekonda. Nilisogea nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Unazuia watu."

Nikakaa. Watu walikuwa wengi, muziki mkubwa, vijana wanapita na sinia za nyama. Nilimwona akitazama juu, kwenye pembe za dari, halafu chini ya meza, halafu madirishani. Kila kitu kilipita kwenye macho yake. Mhudumu mmoja alimwaga mchuzi karibu na miguu yetu akapangusa nusu, akaondoka. Msimamizi aliliangalia lile doa. Alikunja mikono yake mapajani, akayageuza macho kwa bibi harusi, na hakuyarudisha.

Katibu alitushukia katikati ya nyimbo, amevaa gauni zito la dhahabu, jasho usoni. Alipofika mbele ya Msimamizi aliinamisha kichwa, kama wadogo wanavyowainamia wakubwa kwetu. Msimamizi akaweka kiganja juu ya nywele zilizotengenezwa kwa gharama, na akakiacha pale. Kikabaki muda mrefu kuliko salamu. Mtu wa picha alikuja akimulika, akaona nyuso zao, akageuza kamera upande mwingine.

"Nenda," alisema hatimaye. "Wageni wako wanakusubiri."

Niliondoka naye kabla ya keki. Nje kulikuwa na manyunyu, na bado kulikuwa na mwanga. Alitembea polepole, amenishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Tulipopita upande wa jikoni alisimama.

"Ule mfereji wa bati umeachia ukuta," alisema. "Maji yanaingia ndani ya mawe."

Nilitazama juu. Mimi sikuona kitu mpaka aliponyoosha kidole.

"Nirudi nimwambie?"

"Leo anaozesha. Mwambie kesho." Akaanza tena kutembea. "Na usiseme ni mimi niliyeona."

Nilimsindikiza hadi barabara ya juu, tukazungumza habari za ng'ombe, akanikataza nisiende zaidi kwa sababu ya viatu vyangu.

Kesho yake asubuhi nilimpigia katibu. Nilimpongeza kwa harusi, kisha nikasema kwamba wakati natoka niliona mfereji wa upande wa jikoni.

"Nimeshauona, dada," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa shangwe za jana. "Niliuona asubuhi hii nilipokuja kufagia. Fundi yupo juu ya ngazi sasa hivi."

Nilikaa na simu mkononi. Halafu nikampigia Msimamizi, ingawa hakuniomba. Nikamwambia katibu alikuwa ameshauona mwenyewe, na fundi ameshapanda.

Nilisikia ng'ombe wake, na mvua kwenye bati.

"Fundi gani?" akauliza.